Hodi Moja kwa Watatu

Mama Mapacha, afisa ustawi wa jamii, alikuwa bado amevimba kwa hasira. "Wiki nzima tumemfuata mama huyu mmojammoja na maswali yaleyale. Mfiwa si stendi, kila mtu apite. Leo tunabisha hodi pamoja."

"Sawa, mkuu," alijibu mpelelezi wa polisi, pande la mtu, mwanasesere kwapani kama mkate.

Daktari wa watoto akacheka. "Shika kichwa vizuri, baba."

"Mimi nimezoea kukamata watu wazima."

Utani ukaishia mlangoni. Mama mfiwa alikuwa amekauka machozi. Kichanga chake kililazwa kitandani jioni moja, hakikuamka. Bintiye wa chekechea naye alipelekwa kwa shangazi mpaka ukweli ujulikane. Majirani walishahukumu: kamlalia mtoto.

"Tuonyeshe tu ulivyomlaza, mdogo wangu," Mama Mapacha alisema, akimpa mwanasesere.

Mfiwa akamlaza chali, mbali na mto, akamfunika hadi kifuani. Mkono ukasita kumwachia. "Mimi nikaegemea kiti kile. Kichwa kilikuwa kinanipasuka."

Daktari akageuka. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza ya mtoto."

"Mimi aliniambia," Mama Mapacha alikiri. "Nikadhani ni kulia sana."

"Na mimi niliona damu ya mtoto nyekundu kupita kawaida," daktari alisema. "Nikanyamaza nayo."

Mpelelezi alikuwa keshafika dirishani. Chini yake, uani kwa kinyozi, jenereta ilielekeza bomba la moshi juu, kwenye dirisha hilohilo. "Jioni ile umeme ulikatika," alisema taratibu. "Nililijua hilo. Sikujua lina maana gani."

Walitazamana kama wapishi watatu waliodhani mwenzao ndiye aliyetia chumvi.

Daktari akapiga simu maabara, akaomba damu ya mtoto ipimwe sumu ya moshi, tena mbele ya kazi zote. Wakakaa kungoja. Simu ilipolia, aliisikiliza amesimama.

"Ni moshi, dada. Si wewe."

Yule mama akajifunika uso kwa kanga, akalia. Mpelelezi akateremka kumzuia kinyozi asiwashe tena jenereta. Mama Mapacha akampigia shangazi: mtoto arudishwe nyumbani.

Sauti ndogo ikadakia simuni, "Lakini nimesukwa nusu."

Mama yake akajifuta macho, akanyoosha mkono apewe simu. "Njoo hivyohivyo, mwanangu. Nusu nyingine nitakusuka mimi."