Barafu ya Naliaka

Kwenye simu aliambiwa avae vizuri, lakini si vizuri sana.

"Ile gauni yako ya kanisa, hapana," Bwana Khisa alimwambia. "Vaa kitu cha shamba, lakini kiwe kisafi. Na viatu si lazima, mama."

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi Nabwile alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Malakisi, akisugua viganja kwa majivu na mafuta ya taa. Utomvu wa tumbaku hautoki kwa sabuni. Alisugua mpaka ngozi ya kidole gumba ikachubuka, na bado weusi ulibaki kwenye mikunjo na chini ya kucha. Harufu ya majani mabichi ilikuwa imemkaa kooni tangu juzi. Siku hiyo alitapika mara mbili shambani, akafukia matapishi kwa mguu, akaendelea kuchuma.

Mumewe, Wakhungu, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Miezi sita baada ya mazishi, Khisa alikuja kanisani kwao na gari lililochorwa watoto wanaocheka. Alikuwa mkurugenzi wa Makao ya Watoto ya Umande huko Kitale, na alisema kuna nafasi za shule, kitanda na chakula, yote bure, kwa watoto ambao wazazi wao hawajiwezi. Nabwile alitia sahihi kila mahali alipoonyeshwa. Binti yake, Naliaka, alikuwa na miaka saba. Baadaye ndipo Khisa alipompigia na kumweleza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi ya jirani, kwamba wafadhili wanapenda yatima kamili. Mbele ya wageni, yeye Nabwile atakuwa shangazi.

"Ni mambo ya makaratasi tu. Si mtoto anakula?"

Mtoto alikuwa anakula, basi Nabwile akanyamaza.

Sasa kulikuwa na wageni. Watu kumi na wanne, wengi wao wa maofisi ya Nairobi na wachache wa kutoka ng'ambo, walikuwa wamepanda Mlima Kenya mpaka kwenye barafu ili kuwachangia watoto wa Umande. Wiki nzima picha zao zilizunguka kwenye simu za watu. Leo walikuwa wanapokelewa Kitale, na shangazi mmoja wa yatima alitakiwa aseme neno la shukrani.

Nabwile alifika mapema, wakamwambia akasubiri jikoni. Huko alimkuta mpishi, Arafa, mwanamke wa makamo aliyeishi karibu na msikiti wa mjini, akigeuza sufuria ya pilau kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Nyama ilikuwa nyingi kuliko wali. Nje ya dirisha watoto walikuwa wamepangwa ukutani juani, kila mmoja ndani ya fulana ya njano yenye mchoro wa mlima. Fulana zilikuwa za watu wazima. Ziliwafika magotini.

"Wamekula?" Nabwile aliuliza.

"Uji wa saa kumi na mbili." Arafa hakugeuka. "Direkta amesema ati wakishiba watasinzia, hawataimba vizuri."

"Na hii nyama?"

"Ya wageni, dada. Wao wana maharagwe, na yale maharagwe yana wadudu. Huwa nawaokota mmoja mmoja. Nikichoka, nawaacha humo humo." Akafunika sufuria kwa nguvu. "Usiniangalie hivyo. Nikiacha kazi, atakuja mwingine ambaye haokoti hata mmoja."

Nabwile alitoka nje. Alimtambua Naliaka kwa masikio, maana uso ulikuwa umebadilika. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na shingo imerefuka. Alipokaribia, mtoto alipiga hatua moja mbele na kukunja mikono.

"Shikamoo, shangazi. Karibu Umande."

Nabwile akacheka, akidhani ni mchezo. Aliinama, akamwambia kwa Kibukusu kwamba wageni hawajafika, ni yeye tu. Naliaka alitupa jicho mlangoni, alikosimama Jepkoech, mlezi wao, na kijiti mkononi.

"Habari ya safari, shangazi?" akasema tena, kwa Kiswahili, sauti ile ile.

Saa saba na nusu basi liliingia. Wapandaji walishuka wakichechemea kwa fahari, ngozi za pua zimebambuka. Walipigiwa makofi. Watoto waliimba wimbo mrefu, kisha kiongozi wa msafara, Bwana Nderitu, akashika kipaza sauti.

"Kule juu hamu ya chakula inakwisha kabisa," alisema. "Siku tatu sikuweza kumeza kitu. Hata supu ilinishinda! Nikawaza, kumbe hivi ndivyo watoto wetu wanavyojisikia. Mimi leo naijua njaa."

Mwanamke mmoja wa msafara akafuta machozi. Pilau likaletwa. Wageni walikula chini ya hema, watoto wakiwa wamesimama upande wa pili, hatua kama kumi hivi, kwa kuwa mpiga picha alitaka waonekane nyuma. Nabwile alipewa kiti lakini hakupewa sahani. Alimtazama Khisa akitafuna. Mafuta yalimtiririka mpaka kidevuni. Alikuwa akichokoa nyama katikati ya meno kwa ukucha, anaiangalia, kisha anairudisha mdomoni. Mara mbili alifanya hivyo huku akizungumza na wageni habari za lishe.

Baada ya kula, Nderitu aliagiza kitu kutoka kwenye basi. Vijana wawili wakaleta kasha la plastiki la kuhifadhia baridi. Ndani, katikati ya mifuko ya maji yaliyogandishwa, kulikuwa na bonge la barafu, la kijivu, lenye mchanga, kubwa kama mkate.

"Hii imetoka juu kabisa," Nderitu alisema. "Miaka michache ijayo haitakuwepo. Tumewaletea watoto waiguse."

Wageni wakaguna kwa furaha. Khisa aliangaza macho, akamwita Naliaka. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye bango la msafara, uso mkubwa kuliko mlima wenyewe. Akawekewa lile bonge mikononi.

"Inua kidogo. Hivyo. Cheka!"

Naliaka akacheka. Mpiga picha alipiga, halafu akaomba tena kwa sababu jua lilikuwa linaakisi. Kisha mwanamke wa machozi akataka naye apigwe akiwa amepiga goti kando ya mtoto. Kisha wale wawili wa ng'ambo. Kisha wote. Maji yalimtiririka Naliaka hadi viwikoni na kuingia kwenye fulana. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, mabega yakaanza kutetemeka, lakini meno yalibaki nje.

"Usiangushe," Khisa alimwambia polepole bila kusogeza midomo. "Usithubutu kuangusha."

"Mayi!" mtoto alilia. "Mayi!"

Wageni wakamgeukia Khisa.

"Amesema nini?" aliuliza yule mwanamke wa machozi.

Khisa aliinamisha kichwa. "Ni Kibukusu. Anamwita mama yake, yule aliyefariki. Huwa anamwita hivyo, maskini."

Simu zikainuliwa zote kwa pamoja.

Nabwile hakujua aliondoka kwenye kiti saa ngapi. Alilipokonya lile bonge, likaanguka na kupasuka, akaivuta mikono ya mtoto na kuibana chini ya makwapa yake. Ilikuwa kama samaki wa sokoni.

"Mimi ndiye mama yake," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hakuna aliyekufa. Mimi nilimzaa, mimi, na niko hai hapa!"

Watu walitazamana. Khisa alikuja taratibu, akamwekea mkono begani, mkono unaonuka mafuta ya kondoo.

"Mnaona?" aliwaambia wageni, macho yamemlegea. "Kwetu sisi, shangazi akishalea ni mama. Hatutenganishi. Hizi ndizo mila zetu ambazo mnatusaidia kuzilinda."

Makofi yalilipuka. Mwanamke wa machozi aliwakumbatia wote wawili, akamlilia Nabwile shingoni, akimwambia kwamba yeye ni shujaa. Juu ya bega lake Nabwile aliwaona watoto wakivunja mstari. Walikuwa wameinama chini, wanang'ang'ania vipande vya barafu mchangani na kuvitia vinywani pamoja na udongo. Wageni walicheka kwa upendo. Mpiga picha alilala kifudifudi ili awapate vizuri.

Jioni haikuwa imefika bado Naliaka alipopelekwa bwenini, Jepkoech amemshika mkono. Nabwile alimfuata Khisa mpaka langoni.

"Nampeleka mtoto wangu nyumbani."

Khisa hakuwa tena na tabasamu. "Mtoto wako? Mama yake huyu ni marehemu. Cheti kipo. Kama una ubishi, nenda Bungoma ukabishane na serikali."

Askari akafunga lango.

Jumatatu Nabwile alikuwa wa nne kwenye foleni ya ofisi ya vizazi na vifo, Bungoma. Karani, kijana mpole aliyeitwa Wakoli, alisikiliza bila kumkatiza. Alibonyeza kompyuta, akasoma, akabonyeza tena.

"Nabwile Wakhungu, wa Malakisi. Alifariki mwaka jana, mwezi wa tatu. Malaria."

"Ndiye mimi."

"Una kitambulisho?"

Alikitoa kwenye kitambaa. Wakoli alilinganisha namba, moja moja, akatikisa kichwa kukubali.

"Namba ni yenyewe."

Nabwile alishusha pumzi. "Si sasa umeona?"

"Nimeona. Hiki kilifaa kurudishwa wakati ule. Kitambulisho cha marehemu hakikai nyumbani, watu wanakitumia vibaya."

"Lakini mimi niko hai. Si unaniona, bana?"

"Mimi nakuona, mama. Mimi sina shida. Lakini huku ndani haupo." Alionyesha kompyuta kwa kalamu. "Kufuta kifo ni mpaka korti, na barua ya chifu aliyekithibitisha."

"Chifu mwenyewe nasali naye kanisa moja."

"Basi ni vizuri, utamuuliza."

Alivuta katoni kutoka chini ya meza. Ilikuwa imejaa vitambulisho vilivyofungwa kwa mipira, mafungu kwa mafungu, nyuso zikitazama juu. Akachomeka cha Nabwile kwenye fungu la mwisho. Kisha akafungua kitabu kikubwa, akamgeuzia.

"Saini hapa kwamba umekirudisha. Jina kwanza."

Nyuma yake mtu alisonya. Nabwile alishika kalamu kwa vidole vyake vyeusi, akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa darasa la tatu. Wakoli alikigeuza kitabu, akalisoma jina, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Mama, hilo ni jina la marehemu," alisema kwa upole, akamgeuzia tena. "Andika lako."