Koti la Mpira

Glavu ilikataa kutoka.

Nilikuwa nimeishika bastola kwa vidole vitatu, kama anavyotaka Kaka. Nilipotaka kuirudisha kwenye kibao chake ndani ya kabati la vioo, mkono ulikuja lakini glavu ikabaki. Nikavuta taratibu. Nikavuta tena. Pamba ikaachia kwa sauti ndogo ya kuchukiza, kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi yenye vinyweleo, na mpini mweusi ukabaki umeota manyoya meupe ya glavu yangu.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kaka angefika saa tisa. Kesho yake bastola ilitakiwa iwe juu ya meza kwenye maonyesho ya wakusanyaji, mbele ya watu ambao kwa miaka miwili alikuwa akiwaandikia barua ndefu kuliko zile alizoniandikia mimi.

Si bastola ya kweli. Haijawahi kumtisha hata panya. Ni nakala ya silaha ya miale aliyoibeba nahodha wa chombo cha angani katika filamu aliyoitazama Kaka utotoni, mara nyingi kiasi cha kuyajua maneno yote pamoja na mikohozi. Nakala kama hizo zilitengenezwa mia mbili tu. Yake ni ya kumi na saba. Yeye huiita kielelezo. Mama aliiita mdoli.

Aliiita hivyo mbele ya wageni, siku Kaka alipokuwa akifunga mizigo kwenda mbali kwenye kazi yake ya kupima ardhi. "Mwanamume mzima na midoli kabatini," alisema, "akili ya kuoa ataipata lini?" Watu wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Kaka hakucheka. Tangu siku hiyo simu zake huja kwangu. "Mama hajambo?" huuliza, kana kwamba Mama ni jirani wa zamani, halafu upesi upesi huuliza kabati lina joto kiasi gani.

Mimi nami nina faili langu kwake. Nilipokuwa na miaka kumi nilivunja ncha ya upanga wake wa bandia nikijifanya malkia, naye hakunisemesha muhula mzima. Mezani alinipitishia chumvi kwa kumpa Mama, Mama anipe mimi. Siku ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa kabati, akasema bila tabasamu, "Hii ni mara yako ya pili. Ya tatu haipo."

Kwa hiyo nilifuata masharti aliyoyabandika ndani ya mlango wa kabati kama mgonjwa anayefuata dozi. Pazia halikufunguliwa. Vumbi liliondolewa kwa brashi mara moja kwa mwezi. Glavu hazikuvuliwa kamwe, na ndiyo maana sikuhisi kitu. Mpini ulikuwa ukioza chini ya vidole vyangu, nami nimevaa pamba.

"Mbona hujaenda kazini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya aproni. Hakuingia.

"Nimeomba ruhusa. Kaka anakuja."

"Najua anakuja. Nimemzaa mimi." Macho yake yakatua kwenye mpini, yakaruka upesi kwenda dirishani. "Kimeharibika?"

"Kinanata."

"Basi kioshe," alisema, akaenda zake jikoni. Nilisikia bomba likifunguliwa, likaachwa limwage maji muda mrefu.

Mimi ni fundi wa miwani. Siku nzima nashika vitu ambavyo mtu akivikosa hawezi kusoma jina lake, lakini mpira unaooza sikuujua dawa yake. Nikampigia simu Fundi Gundi, mzee anayebandika soli za viatu mkabala na duka letu la miwani. Kabla ya viatu alitengeneza vifaa vya jukwaani kwa miaka thelathini, mataji na mapanga na vichwa vya kukatwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa na mbwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku nyundo yake ikigonga, kisha nyundo ikanyamaza.

"Huo si mpira mtupu, binti. Ni koti. Wanachukua plastiki ngumu, wanaipaka koti la mpira ili mkono uone raha. Koti hilo likioza halirudi tena. Chukua spiriti. Usithubutu petroli, wala ile dawa yenu ya kuondolea rangi ya kucha, utayeyusha mpaka mifupa. Lowesha kitambaa kidogo, ukikamue, futa kuelekea upande mmoja. Na ukianza, maliza. Ukiacha nusu utakuwa na chui, si bastola."

"Nianzie wapi?"

"Pasipoonekana. Fundi yeyote huanzia pasipoonekana." Akaguna. "Lakini miaka miwili ya kukaa kabatini ni michache kwa mpira kuoza hivyo. Umekula mafuta ya mikono huo. Nani anaushika?"

"Hakuna. Ufunguo ninao mimi, na navaa glavu."

"Basi hapo nyumbani mna jini linalopaka losheni," alisema, na nyundo ikaanza tena kugonga.

Nilitandaza taulo la zamani mezani, nikaweka spiriti, vijiti vya pamba na vitambaa vyangu vya kufutia lenzi. Nikaigeuza bastola kichwa chini. Kitako cha mpini hakionekani inapokaa kwenye kibao chake. Hapo ndipo nilipoanzia. Uchafu ulikuwa umeganda juu yake kama lami. Kitambaa kilipopita mara ya kwanza kilitoka cheusi ti. Mara ya pili, cheusi. Chini yake plastiki ikaanza kuchungulia, ngumu na safi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaiamini kazi yangu. Mara ya tatu kitambaa kikatoka na michirizi ya kijivu.

Niliitazama ile michirizi kwa muda kabla ya kuielewa.

Namba. Kumi na saba ilikuwa imeandikwa pale pale, chini ya kitako, kwa rangi nyeupe. Nilijua ipo. Ila kwenye miwani namba huchongwa ndani ya mkono wa fremu. Naisugua kila siku, haiendi popote. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye akili timamu angeweza kuandika kitu cha maana juu ya koti la mpira. Nikainua bastola kwenye mwanga. Nikavaa lenzi yangu ya kazini, nikatafuta hata kivuli cha moja, hata mguu wa saba. Plastiki ilinitazama, tupu kama bamba la mlango wa nyumba mpya.

Sasa halikuwa tena suala la kitu kuharibika chenyewe. Nilikuwa nimefuta kwa mkono wangu jambo moja lililoitenganisha bastola ile na nyingine mia moja tisini na tisa.

Nikaketi. Na katika kuketi huko, huku spiriti ikipanda hewani, nikasikia harufu nyingine ikipanda pamoja nayo. Nikakileta kitambaa puani. Mnanaa na kafuri, dawa ya kuchua. Harufu hiyo naijua kuliko jina langu. Imelala nami chumba kimoja tangu magoti ya Mama yaanze kumsumbua. Ufunguo wa kabati nao niliuning'iniza kwenye msumari wa jikoni, nyuma ya mlango, kwa sababu jikoni hakuna mgeni.

Mama alikuwa akimenya viazi. Nikaweka kitambaa mbele yake.

"Nusa, Mama."

Hakukinusa. Aliendelea kumenya, ganda moja refu lisilokatika, mpaka likaisha.

"Nilikuwa nakishika tu," alisema.

"Lini?"

"Saa kumi. Ndiyo saa aliyokuwa akirudi kaka yako kutoka kazini. Wewe unakuwa bado dukani. Najichua magoti, nakaa pale kwenye kiti chake, nakishika kidogo, nakirudisha." Akachukua kiazi kingine, hakukimenya. "Humu ndani kila alichokuwa akikigusa kimeoshwa. Vikombe vinaoshwa, shuka zinafuliwa. Kile peke yake hakijawahi kufuliwa."

"Mama, miaka miwili? Kila siku?"

"Jumapili sikugusa. Jumapili unashinda nyumbani."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka pia kupiga kelele, maana hasira ilikuwa imenijaa kifuani ikitafuta mlango. Miaka miwili nimetembea ndani ya nyumba ile kama mtu anayevuka sakafu iliyolowa, nikilinda pazia, nikihesabu nyuzijoto, na adui alikuwa jikoni na kopo lake la dawa ya kuchua.

"Usimwambie," Mama alisema.

"Niseme nini, basi?"

"Sema joto. Nilikiita mdoli mbele za watu. Leo umwambie nilikuwa nakipakata? Nitauweka wapi uso wangu?"

"Na wangu je?"

Aliinua mikono yake kutoka kwenye beseni, akaitazama huku maji yakitiririka hadi viwiko, kama mtu aliyeazimwa mikono hiyo na sasa anatakiwa kuirudisha. Kucha zilikuwa na weupe. Alikuwa ameziosha asubuhi nzima.

Nikarudi mezani. Kazi iliyoanzwa huisha, mzee alisema. Nikafuta upande wa kushoto, nikafuta wa kulia, nikaingiza vijiti vya pamba kwenye mifereji ya vidole. Mikono ikazoea kazi, na akili ikapata nafasi ya kupanga sentensi. Nilikuwa nayo moja, tamu mno: Kaka, muulize Mama. Maneno matatu. Yangenisafisha tangu ncha ya upanga mpaka leo. Na Kaka hawezi kumnunia Mama zaidi ya alivyomnunia tayari. Hasara ingeangukia mahali palipokwisha kubomoka.

Niliirudia kichwani mpaka nikauona mwisho wake. Nilimwona Kaka akigeuka kutazama jikoni. Nikamwona Mama akificha mikono ndani ya aproni, kama alivyoificha asubuhi. Sentensi ikaninyong'onyesha. Isitoshe, ilikuwa na tundu: Mama hakuifuta namba. Namba ilitoka kwangu, mimi mwenye vyeti na lenzi.

Kufikia saa nane mpini ulikuwa msafi kote. Haukunata. Ulikuwa unang'aa kama kipara, na mtu yeyote aliyewahi kuona nakala nyingine angejua kwa jicho moja kwamba hii imevuliwa nguo.

Saa tisa kasoro nikasikia magurudumu ya sanduku yakigonga ngazi, kipandio baada ya kipandio. Nikapiga moyo konde, nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba." Alikuwa amekonda, jua limempiga mpaka shingoni. Alitabasamu, kisha tabasamu likasita. "Mbona umesimama mlangoni kama askari? Hamnitaki?"

"Bastola," nilisema.

Akaliweka sanduku chini.

"Mpini ulianza kunata. Nimeufuta kwa spiriti, koti lote limetoka. Na namba imetoka nalo. Nimeifuta mimi, leo asubuhi, kwa mkono huu. Nilidhani imechongwa."

"Yote?"

"Yote."

Alitazama mkono wangu kama vile namba ingeweza kuwa bado ipo hapo. Chini, mtu alikuwa akiburuta kitu kizito uani, na tulimsikiliza wote wawili kama wanaosubiri aseme neno. Nilisubiri pia ule ukimya ninaoujua, ukimya wa kupitishiwa chumvi. Haukuja. Lililokuja ni swali, na swali lilikuwa baya zaidi.

"Kwa nini ulinata? Ni mpira wa miaka michache. Ulifanyaje?"

"Joto," nilisema. "Kulikuwa na joto sana, nami sikuwa..."

Kitasa kikazunguka mgongoni mwangu. Mama akatoka. Alikuwa amevua aproni, na mikono yake ilikuwa pembeni mwa mwili, haina pa kwenda.

"Si joto," alisema.

"Shikamoo, Mama." Kaka aliisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango alioacha kuutumia.

Mama akaonyesha kipandio. "Kaa kwanza."

"Hapa? Kwenye ngazi?"

"Hapa hapa. Ukiingia ndani nitaona haya, nitakuandalia chai badala ya kusema."

Kaka akanigeukia. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala hakukuwa na msamaha. Alikuwa akiniuliza kwa macho anachotakiwa kufanya, yeye ambaye siku zote alinipa masharti kwa maandishi. Nikatikisa kichwa kidogo tu, hata sijui kwa maana gani. Akalilaza sanduku ubavu, akaketi juu yake, magoti yakafika kifuani.

"Mwanangu," Mama alianza, akamwonyesha viganja vyake.

Nami nilikuwa nimeshika kitasa, sijui kama naingia ndani niwaachie, au nabaki.