Hongera kwa Siku ya Trijntje

Ufa ulianzia juu ya mlango wa jikoni, ukapanda hadi kwenye bomba la moshi kama mzizi unaotafuta maji. Watu wa kampuni ya gesi waliifyonza chini yetu miaka na miaka, ardhi ikatikisika, matofali yakaachana. Mke wangu Trijntje akawashtaki. Jaji Roelfsema alitazama picha akaamua: ni uzee wa nyumba, hauna hatari. Majira ya baridi yaleyale moshi wa jiko ukapenya hapo, ukamkuta Trijntje amelala.

Jaji je? Wakubwa wakianguka huangukia juu. Alivua joho akaingia bungeni, na sasa anaomba kura tena, uso wake umebandikwa kila kona ya mkoa wetu wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi: HAKI KWA KASKAZINI.

Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba akigawa waridi. Jirani yangu Eppo akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua: "Harm! Jaji wako huyoo! Mbwa utamfunga au utamfungulia?"

"Mbwa ana adabu. Ataniachia mimi."

Maneno nilikuwa nayo tangu mazishini, nimeyanoa yakakata kama wembe. Nilitaka kitu kimoja: alitaje jina la mke wangu kwa kinywa chake.

"Samahani sana, bwana," alisema mlangoni, miguu imebanana. "Tangu asubuhi nanyweshwa kahawa. Naomba choo."

Choo hanyimwi hata adui. Nikampisha.

Kwetu kalenda ya siku za kuzaliwa hutundikwa chooni, mgeni akaisome ametulia. Aliyekufa huchorewa msalaba mdogo pembeni ya jina. Wa Trijntje sikuwahi kuuchora, mkono ulikataa.

Akatoka uso umechanua, akanishika mkono, akautikisa. "Hongera, bwana! Hongera kwa siku ya Trijntje!"

Kweli ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na ndiyo desturi yetu, hata mume hupongezwa. Na mdomo una mazoea yake, nikasikia unajibu, "Asante."

"Mwenyewe yuko wapi? Nimpe waridi lake." Kisha akauona ufa, akatikisa kichwa. "Mambo ya gesi haya! Ndiyo ninayowabana nayo bungeni."

"Hapana, mheshimiwa. Huo ni uzee wa nyumba. Hauna hatari."

"Nani kakudanganya hivyo?"

"Wewe. Ukiwa umevaa joho."

Akautazama ufa hadi kwenye bomba la moshi, pole pole. Akanitazama mimi.

"Mwenyewe yuko nyuma ya kanisa," nikasema. "Safu ya ukutani."

Waridi akaliweka mezani, akalichukua tena, akatoka nalo. Eppo alimpigia mluzi. Hakugeuka.

Nikaingia chooni na penseli. Tangu mazishi, hakuna aliyelitaja jina lile mbele yangu ila kwa kunong'ona. Na sasa lilikuwa limetajwa kwa furaha, kama la mtu aliyetoka kidogo dukani, tena na kinywa kile, kati ya vinywa vyote. Nikaketi chini ya kalenda. Ncha ya penseli niliigusisha karatasini, pembeni ya jina lake, nikasikiliza kama nyumba itatikisika.