Chungu Kilichopanda Ndege Ndani ya Tenga la Kuku

Siku hizi watu wanapeleka samaki Ulaya kwa ndege, minofu ikiwa bado kwenye barafu, na hakuna hata anayegeuka kutazama. Enzi za Malkia haikuwa hivyo. Pale Mnyambe, juu kule Newala, ndege ilikuwa kitu cha kutazamwa mpaka shingo iume, na mtu aliyewahi kuigusa ubavu alisimulia mwaka mzima. Fundi seremala Bartholomayo aliigusa, tena akiwa na chungu cha mama mkwe wake mikononi. Mpaka leo ukimkuta barazani ana nafasi atakueleza yote, ila kuna sehemu moja huiruka. Hiyo nitaieleza mimi.

Bartholomayo ni mtu wa Chidya, mtoto wa wakristo wa misheni, na useremala alijifunzia Masasi. Alipomwoa Regina alihamia kwao Mnyambe, kwa sababu desturi ya huko ilimtaka mwanamume ndiye amfuate mke, ajenge ukweni na awalimie wakwe. Mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Mama Regina, alikuwa mfinyanzi wa kutajwa. Sasa, ukwe wa siku zile ulikuwa ukwe kweli. Hawakula pamoja, hawakutazamana usoni, na mwanamume kutia mkono kwenye chungu cha mama mkwe wake ilikuwa aibu ambayo hata mlevi hakuithubutu. Mama Regina akiwa na neno la kumwambia mkwewe, alimwambia kuku.

"Wewe kuku," angesema huku akipepeta mtama, "hivi huyo fundi haoni paa langu linavuja?"

Naye Bartholomayo angejibu kwa kuku yuleyule, "Mwambie mama nitapanda kesho." Kuku wa nyumba ile walikuwa na kazi nyingi.

Mwaka wa hamsini na saba ikaja barua ya Sista Ethel. Huyu alikuwa muuguzi wa misheni aliyewazalisha wanawake wa Mnyambe kwa miaka kumi na minane, na watoto wote wanne wa Regina, kuanzia Cecilia kifungua mimba, walipita mikononi mwake. Alikuwa amestaafu na kurudi kwao Uingereza. Aliandika kwamba amempata mwenye duka wa London anayetaka vyungu vya Mnyambe, vile vyenye michoro mabegani, lakini anataka kwanza akione kimoja kwa macho yake kabla ya maonyesho ya mwisho wa mwezi. Meli ya kutoka Mtwara ingefika maonyesho yamekwisha, kwa hiyo kipelekwe kwa ndege. Sista mwenyewe alikuwa ameshalipia nafasi ya ratili ishirini, Alhamisi ile ya tatu, kutoka Masasi hadi Dar es Salaam, Nairobi, na huko kwao. Kikifika kizima, wafinyanzi wa Mnyambe wamepata soko. Kikifika vigae, basi tena.

Wafinyanzi walikaa wakakubaliana kiende cha Mama Regina. Yeye akakubali, ila alikuwa na sharti, akamwambia kuku mbele ya watu wote. "Mwambie fundi chungu changu nakitia mikononi mwake. Kikivunjika, asirudi hapa uani."

Watu walicheka. Bartholomayo hakucheka, kwa sababu alimjua mama yule. Alikuwa ukweni miaka tisa, ameezeka, amelima, amezika, na hakupata hata siku moja kusikia jina lake kinywani mwa mkwewe. Alijiapiza kwamba chungu kile kitafika.

Akatengeneza sanduku. Na nisiseme uongo, lilikuwa sanduku. Mbao za mninga, pembe zilizoungwa kwa meno bila msumari hata mmoja, kifuniko kinachoingia kwa kuteleza, na ubavuni jina lake kalichoma kwa chuma cha moto. Watu walikuja kulipapasa. Kichwa kilimvimba kidogo, ndiyo, na nani asingevimba? Alipima sanduku na chungu dukani kwa Alfani, jumla ratili kumi na tisa na nusu. Mwalimu Cuthbert akamjazia hati ya mzigo: chungu kimoja, kitupu. Bartholomayo akatia sahihi.

Asubuhi ya safari Regina akamletea chungu kutoka kwa mama yake. Mdomo ulikuwa umefungwa kipande cha khanga, fundo juu ya fundo. Fundi akakizungushia majani makavu, akakilaza sandukuni, akafunga. Alikiona kizito, lakini mtu mwenye wasiwasi huona kila kitu kizito. Akapanda lori hadi Masasi, sanduku mapajani njia nzima, na kila shimo la barabara lilimpiga moyoni.

Uwanjani palikuwa na kibanda cha bati, mizani, na karani wa mizigo aliyeitwa Fakihi, kijana mpole, shati limepigwa pasi. Ndege ilikuwa imeshatua. Fakihi akaweka sanduku kwenye mizani, akasogeza kijiwe cha chuma, akakisogeza tena.

"Ratili ishirini na sita, fundi."

"Haiwezekani. Nimepima mwenyewe."

"Mizani hii hainijui wala haikujui," Fakihi akasema. Akalitikisa sanduku taratibu. Ndani kitu kikachakarisha. "Hati inasema chungu kitupu. Hiki si kitupu."

Bartholomayo akafungua sanduku. Akanusa tu akajua. Zilikuwa korosho zilizochomwa na kubanguliwa, chungu kizima mpaka shingoni. Mama Regina alikaa jikoni kwake siku ngapi na moshi ule wa maganda na mafuta yake yanayochubua mikono, akabangua moja moja, ili asimpelekee Sista Ethel chombo kitupu. Nani kwao humpelekea mtu chombo kitupu? Mwenye kutukana tu. Yeye Bartholomayo, mwenyeji wa miaka tisa, alitia sahihi karatasi inayosema kitupu na wala haikumpitia kichwani.

"Mimina," Fakihi akasema. "Rubani hangoji, na nafasi iliyobaki kwenye ndege ni hizo ratili ishirini. Ndege nyingine ni Alhamisi ijayo."

Kikiondoka Alhamisi ijayo, kingefika maonyesho yamekwisha. Bartholomayo akashika fundo la khanga, akaliachia.

"Siwezi. Ni chungu cha mkwe wangu."

Fakihi alianza kucheka, kisha akanyamaza. Alikuwa Myao wa Masasi, naye alikuwa na mkwe. "Basi nimimine mimi," akasema kwa upole. "Mimi si mkwe wake. Korosho utarudi nazo, na hakuna atakayejua."

Lilikuwa jambo rahisi. Chungu kingefika, wanawake wangepata soko, na Mama Regina angekaa Mnyambe akiamini kwamba Sista anatafuna korosho zake. Bartholomayo alifikiri hivyo kwa muda ambao si mfupi, na sehemu hii huwa anaisema bila kujificha. Halafu akafikiri Sista Ethel akifungua mdomo wa chungu na kukuta upepo, kutoka kwa mama aliyekesha naye mara nne Regina akijifungua. Roho ikakataa.

"Pima sanduku peke yake," akasema.

Sanduku peke yake lilikuwa ratili kumi na moja.

Nyuma ya kibanda palikuwa na tenga la fito ambamo mtu alikuwa ameleta kuku wa mkuu wa wilaya, likabaki tupu. Bartholomayo akaomba lile. Nyasi za uwanja zilikuwa zimefyekwa jana yake, zimejaa tele. Akafanya kama alivyowaona wanawake wa Mnyambe wakifanya wanapoteremka na vyungu mnadani: kata ya nyasi chini, nyasi pembeni zikikandamizwa kwa ngumi, chungu katikati kisiguse ufito hata mmoja, kamba juu. Ratili kumi na saba. Fakihi akakata neno "kitupu" kwenye hati, akaandika "chenye korosho". Bartholomayo akalibeba tenga mwenyewe hadi ndegeni, akaegemeza kiganja ubavuni mwa ndege, na bati lilikuwa la moto. Ndipo kazi yake bora kuliko zote akaibeba kichwani, tupu, akarudi nayo Mnyambe.

Mama Regina alipoliona sanduku limerudi, ungo ukasimama mikononi. Alitazama chini. "Kuku," akasema polepole, "mbona sanduku limerudi?"

"Mwambie mama chungu kimekwenda. Kimekwenda na vyote vilivyokuwamo. Sanduku ndilo lililokuwa zito."

"Kimekwenda ndani ya nini?"

Alitamani kudanganya. "Ndani ya tenga la kuku."

Mama Regina akaendelea kupepeta. Bartholomayo alijua maana yake: uani bado yumo, lakini mguu mmoja nje. Zilikuwa wiki tano ngumu. Wanawake walimpita kisimani bila utani. Alikata mguu wa meza mfupi, akakata na mingine mitatu kuufuata, ikawa kigoda.

Barua ikaja. Chungu kimefika kizima, hata ufa hakina. Mwenye duka ameagiza thelathini. Mama Regina alisomewa na Mwalimu Cuthbert, akaomba asomewe tena pale penye korosho. Jioni Regina alimpelekea mumewe chakula, na juu ya ugali palikuwa na paja la kuku. Yupi kati ya wale wasikilizaji aliyechinjwa, Bartholomayo hakutaka kujua.

Miaka mitatu vyungu vya Mnyambe vilipanda ndege, vinne vinne, ndani ya matenga. Mwenye duka aliandika kuomba viletwe vitupu, ratili zipungue. Mama Regina akasema basi aje avichukue mwenyewe. Waliyamaliza kwa kutia korosho moja ndani ya kila chungu, moja tu, na Fakihi aliandika hati zake vizuri kila mara. Zilikuwa siku njema zile. Alhamisi ndege ikipita juu ya mikorosho, wanawake waliacha mwiko jikoni wakatoka kuipungia, na Bartholomayo anasema hajapata tena kusikia kijiji kizima kikinyamaza kwa furaha namna hiyo.

Mwaka wa sitini na moja, kabla ya Uhuru, Mwalimu Cuthbert akaletewa habari kwamba Sista Ethel amefariki. Mtoto wa kaka yake ndiye aliyeandika. Alisema marehemu aliomba chungu chake cha kwanza kirudishwe kwa aliyekifinyanga, naye amekituma kwa ndege.

Na hapa ndipo Bartholomayo huruka. Atakuambia kilirudi kizima, basi, halafu atakukaribisha chai.

Kilirudi ndani ya boksi la karatasi. Uani palijaa watu. Mama Regina alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akikuona ni kivuli tu. Alikipapasa chungu begani, mchoro kwa mchoro, akasema, "Ndicho." Mdomo ulikuwa umezibwa kwa karatasi. Akageuza uso kule alikosikia fundi akipumua.

"Baba Cecilia."

Bartholomayo aliwatafuta kuku. Hawakuwapo.

"Wewe ulikipeleka bila kukifungua," akasema mkwewe. "Leo kifungue. Tia mkono."

Fundi akasita. Mama Regina akarudia, "Tia mkono, mwanangu."

Akatia. Vidole vikakuta karatasi iliyofinyangwafinyangwa ya kuzuia chungu kisivunjike. Akapita chini yake, akazunguka kuta zote mpaka kitako. Hakukuwa na kitu kingine. Yule mtoto wa kaka hakujua, na nani angemfundisha? Lakini watu wa Mnyambe walikuwa wameketi wakingoja, na kwao chombo kinachorudi kitupu kina maana moja tu.

"Kimo kitu?" Mama Regina akauliza.

"Kimo, mama. Ni barua."

Aliitoa, akainyoosha gotini. Ilikuwa gazeti la Kiingereza, ukurasa wa mashindano ya farasi, na picha ya farasi mmoja katikati. Akakohoa, akasoma.

"Mama Regina, shikamoo. Korosho zako nilikula nusu, na nusu niliwapa majirani. Waliniuliza nani kazibangua, nikawaambia ni mwenzangu. Chungu chako nilikiweka dirishani na sikukiacha kitupu hata siku moja. Nilitia maji, nilitia maua, nilitia viazi. Huku ni baridi. Nawakumbuka nyote. Wasalimie na kuku."

Watu wakacheka, wengine wakijifuta macho. Mama Regina alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Nilijua," akasema. "Yule hawezi kunirudishia kitupu. Nipe niirudishe mwenyewe ndani."

Regina alikuwa amekaa pembeni ya mumewe. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, na macho yake hayakuwa na tatizo. Aliichukua ile karatasi gotini kwa Bartholomayo, akamtazama farasi kwa muda, akaikunja farasi akabaki ndani, kisha akaiweka mikononi mwa mama yake.

"Sista alikuwa na mwandiko mzuri," Regina akasema.