Hodi kwa Junaid

Kaka yangu Junaid alipokuwa anaondoka kwenda Kanada aliniambia pale uwanja wa ndege, mbele ya watu, "Usithubutu kuolewa bila mimi!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Sikujua kwamba maneno hayo yangekuja kunifunga miguu kama kuku wa sokoni.

Baba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo Junaid ndiye aliyekuwa walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Hakuhitaji hata kupanda ndege. Angesema tu fulani aniozeshe kwa niaba yake, mambo yakaisha. Lakini bwana mkubwa aliacha kupiga simu, halafu akaacha kujibu barua pepe, na mwaka huo wa 1999 mchumba wangu Ibra, fundi wa rejeta za magari kule Ruiru, alikuwa ameshaleta wazee kwetu mara mbili.

Maalim Zuhair wa msikiti wetu pale Majengo, Thika, hakuzungukazunguka. "Kama Junaid hapatikani, tutakwenda kwa kadhi, asimame mahali pake. Lakini kama anapatikana, mngojeeni aseme. Hizo barua zenu mna hakika zinamfikia?"

Hatukuwa na hakika. Hazikurudi, wala hazikujibiwa.

Ndipo mimi na Ibra tukaenda Kahawa Wendani, kwenye duka la intaneti la Musau, ambako wanafunzi wa chuo hujazana. Musau alikuwa rafiki wa Ibra, na ndiye aliyekuwa akituma barua zetu zote.

"Kuna page moja kwa internet," Musau alisema. "Unaweka address ya mtu, inaenda mpaka kwa ile kompyuta inakaa na masanduku ya barua huko kwao, inauliza kama sanduku yake iko. Haiachi barua. Inauliza tu, inarudi."

"Kama kubisha hodi," nikasema.

"Eeh. Inabisha, ikijibiwa inatoroka."

Sikufichi: niliomba sanduku la kaka yangu liwe limekufa. Life ili mimi niolewe. Na asubuhi hiyo hiyo, mama akiwa anakanda unga wa mahamri, aliniambia, "Mkiambiwa sanduku lake bado liko, nitajua mwanangu yuko hai." Tulikuwa tunamwomba Mungu mmoja mambo mawili yanayopigana.

Ukurasa ulijichora polepole kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayeshusha pazia kwa uvivu. Musau akasoma, akajikuna shingo.

"Iko," akasema. "Na haijajaa. Hizi sanduku ni ndogo, Ruqayya. Mtu asipofungua, zinajaa haraka, barua zinaanza kurudi. Hii kuna mtu anasafisha."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe anasoma! Anasoma, anafuta, anakwenda kulala. Mimi hapa nangoja kinywa chake kama mgonjwa anayengoja daktari.

Ibra alinivuta kando. "Si useme tu imekufa? Nani atatoka Thika akuje huku kuuliza Musau?"

"Mimi sijaona kitu," Musau akasema bila kugeuka.

Nilifika nyumbani na uongo wangu ukiwa tayari mdomoni. Mama alikuwa amekaa mlangoni, amevaa buibui lake la Idi kana kwamba majibu yangekuja na wageni. Unga ulikuwa bado umemkaukia kwenye kucha.

"Wamesemaje?"

Nilimtazama. Nikisema imekufa, mama atamzika Junaid leo hii.

"Iko, Mama. Ni nzima."

Mama alipiga vigelegele. Alipiga peke yake pale mlangoni, mpaka Mbithe, jirani yetu muuza mboga, akatoka mbio kuuliza ni nani amejifungua.

"Junaid yuko hai!" mama akamwambia.

"Asante Mungu! Mama Junaid, si nilikwambia?" Wakakumbatiana.

Halafu mama akakaa chini taratibu. Nikaona furaha ikimtoka usoni na wazo lingine likiingia.

"Kwa hivyo barua zinamfikia."

"Zinamfikia."

"Na ile tuliyomwandikia kuhusu macho yangu kufifia?"

"Hata hiyo, Mama."

"Anazisoma?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa na hasira na Junaid, na hasira haichagui inamwangukia nani. "Anazisoma," nikasema.

Mbithe alikumbuka sukuma wiki zake, akaenda. Mama akaanza kujibandua unga kwenye kucha.

Baada ya alasiri Maalim Zuhair alibisha hodi. Nilikuwa nimeshakata tamaa, tayari kumwambia tutangoja. Nikafungua kinywa, mama akaniwahi.

"Maalim, mwanangu hapatikani."

Msikiti hauko mbali na mlango wetu, na vigelegele huvuka ukuta. Maalim alimtazama usoni.

"Walikwenda kuuliza?"

"Walikwenda. Wamebisha hodi, hakuna mtu. Nenda kwa kadhi, msichana aolewe."

"Una hakika, Mama Junaid?"

"Nina hakika," mama akasema. Alikuwa ananitazama mimi, si yeye. "Na kuanzia leo niite Mama Ruqayya."

Maalim aliinamisha kichwa, akaitikia. Nami, bibi harusi, nikajifunika uso kwa leso nikalia kwa sauti. Nilikuwa nimeomba anwani ife. Hili sikuliomba.