Prizi ya Jikoni kwa Mama Éliane

Rallonge ya jikoni kwa Mama Éliane, waya ya kurefushia umeme, ilibebeshwa mzigo kupita nguvu zake: congélateur ya kugandishia samaki wa mikebuka, birika, pasi, na simu za watu wote wa nyumba. Juma lile kichwa chake kikayeyuka, kikaacha alama nyeusi pana kama kiganja kwenye kitambaa cha meza, kile cha maua ya manjano. Mkamwana wake Rosalie alikuwa anapika palepale, mtoto mgongoni. Ndipo Mama Éliane aliposema prizi ya pili, tundu la kuchomekea umeme, iwekwe ukutani, na iwekwe na mtu anayejua, maana hakutaka kumzika mtu kwa sababu ya chai.

Aliyeitwa ni fundi Jovial, mwanaume wa mtaa wa Kataki, kadi ya kazi ikining'inia shingoni. Alikuta umeme umeondoka tangu alfajiri, kwa kuwa ilikuwa zamu ya mtaa wao kukosa. Akapanda juu ya kigoda kando ya beseni la vyombo, akavuta nyaya za taa, akaanza kuzimenya kwa meno. Mama Éliane alipoona yale meno, moyo ukaanza kumchemka. Akamwomba, kwa adabu bado, ashushe kwanza disjoncteur, ile ya kukatia umeme wa nyumba pale koridoni.

"Nikate nini, Mama? Courant haiko. Leo njo zamu yenu, itarudi saa kumi na mbili."

"Ni wewe uliyeiondoa?"

"Hapana."

"Basi aliyeiondoa hajui kama mikono yako iko mule. Akiirudisha hatakupigia hodi."

Jovial akacheka, akamuuliza Rosalie kama mama mkwe wake alisomea umeme. Mama Éliane akajibu mwenyewe kwamba aliishia darasa la sita primaire, na vidole vyake vyote kumi bado anavyo. Fundi akasema hapa Kalemie hakuna anayeshusha disjoncteur siku ya zamu. Ni sawa na kufungua mwavuli wakati wa kiangazi.

Kuchekwa ndani ya nyumba yake mwenyewe! Mama Éliane akaenda koridoni, akaishusha disjoncteur, akaifunika kwa mkono wake, akasimama pale magoti yakimuuma.

Haikupita nusu saa. Hata saa nne ya asubuhi ilikuwa haijafika, redio ya jirani ikalipuka kwa nyimbo za kwaya, na kule kilimani watu wakaanza kuitana kwamba courant imerudi. Rosalie, ambaye mawazo yake yalikuwa kwa samaki wa congélateur wanaoanza kulegea, akatoka chumbani mbio, kidole tayari. Njo desturi ya kila nyumba: umeme ukirudi kwa jirani na kwako hauko, unakimbilia disjoncteur kuipandisha.

Mama Éliane akamshika mkono.

"Mume wa mtu ameshika nyaya," akasema.

Kutoka koridoni walimwona Jovial juu ya kigoda, waya moja kila mkono, zote wazi, naye hatikisiki. Redio ya jirani ilimaliza ubeti mzima kabla hajaziachilia.

"Mungu ni mwema, Mama."

"Mwema, ndiyo. Lakini aliyesimama hapa ni mimi. Usimtwike Mungu kazi yako."

Ndipo hasira ikamtoka. Akamuuliza ni fundi gani anayeweka prizi juu ya beseni, mahali maji yanaporuka kila sahani inapooshwa. Akamuuliza waya nyembamba ya taa itabebaje congélateur. Na ile waya ya kijani na manjano, ya kwenda udongoni, kwa nini ameikunja na kuificha ukutani kama takataka? Akamwamuru afumue yote. Prizi iende upande wa meza, mbali na maji, ipate waya yake nene inayotoka moja kwa moja kwenye disjoncteur yake ndogo, pale koridoni.

Jovial alianza kusema kwamba hivi njo wanafanyaka kila mahali, kisha akashuka kwenye kigoda.

Akatoka, akarudi na waya nene begani na disjoncteur ndogo mkononi. Safari hii alipita kwanza koridoni kuangalia kama disjoncteur bado iko chini. Kisha akatoa bisibisi ya kupimia umeme, ambayo ilikuwa bado kwenye plastiki yake, akaigusisha kwenye waya moja, halafu nyingine. Taa yake haikuwaka.

"Courant imekufa, Mama," akasema polepole.

Rosalie akaleta kiti, akambembeleza mama mkwe wake apumzike, kwa kuwa fundi sasa ameelewa. Mama Éliane akakataa, mkono bado juu ya disjoncteur. Hasira ilikuwa haijamwisha, na nyaya zilikuwa bado wazi.