Mguu wa Nyuma wa Ng'ombe wa Mama Wahome

Mwanangu Byron alisema neno mwezi wa tano akalisahau. Mimi sikulisahau. Tulikuwa jikoni kwangu hapa Pioneer, goti langu likiwa na bendeji tangu nilipoteleza kwenye banda la kuku, naye anapimapima ngazi za mlango wangu kwa macho na kutikisa kichwa.

"Mama," akasema, "mtu ambaye hawezi kutembea kutoka kanisani mpaka uwanja wa shule hawezi kukaa peke yake. Agosti nakuja kukuchukua. Utakaa na sisi Syokimau."

Huko Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, anaishi orofa ya tano. Niliwahi kulala huko wiki mbili. Asubuhi unauangalia ukuta wa jirani, jioni ukuta wa jirani unakuangalia wewe.

"Na nikitembea?" nikamuuliza.

"Ukitembea, nitanyamaza." Alisema vile unavyomwahidi mtoto pikipiki akimaliza ugali.

Kutoka kanisani mpaka uwanjani ni kilomita moja na nusu, na katikati kuna kilima chenye posho mill, kinu cha unga. Ndiyo njia ya Sherehe yetu ya Taa, na nimeitembea tangu ilipoanza.

Ilianza bila mtu kupanga. Julai moja stima ilipotea mtaa mzima karibu wiki mbili, na baridi ya Julai hapa Eldoret inaingia mpaka kwenye meno. Tulienda maombi ya jioni kila mtu na koroboi yake. Wakati wa kutoka tukajipanga mstari tusikanyage matope, mtu akaanzisha wimbo, na badala ya kwenda nyumbani tukajikuta uwanjani. Tulipogeuka tukauona ule mstari wa taa ukishuka kilima, hakuna aliyetaka kulala. Stima iliporudi tulikasirika kidogo. Mwaka uliofuata tukaizima wenyewe.

Miaka ikaenda. Koroboi zikaisha, yakaja maumbo makubwa ya fito na karatasi nyeupe yenye mwanga ndani. Watu wanne wanaingia chini wanalibeba umbo, na nje hubaki miguu tu. Sisi tuliotoka upande wa ziwa tulitengeneza samaki, ngege mwenye magamba. Virginia, yaani Mama Wahome wa duka la chakula cha mifugo, na wenzake waliotoka Nyeri na Murang'a, wakatengeneza ng'ombe wa maziwa, na kila mwaka tukawa tunashindania tuzo. Siku hizo ndani tuliweka mishumaa, na mwaka wa kwanza samaki wetu alishika moto mkiani akafika uwanjani akiwa tayari kuliwa. Mwaka mwingine kichwa cha ng'ombe wao kilidondoka pale kilimani, nikacheka mpaka pasta akaniangalia. Mwaka wa elfu mbili na nane, baada ya vita vya uchaguzi, hakukuwa na samaki wala ng'ombe. Mama Wahome alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi juzi tu, akaja na mshumaa mmoja ndani ya kikombe, nami nikatembea kando yake njia yote bila neno. Mwaka uliofuata tulirudia kutukanana kama kawaida, na nadhani sote wawili tulishukuru.

Basi mwaka huu Byron akaja siku mbili kabla ya sherehe. Alijiandikisha kuwa msimamizi wa barabara, akapewa lile koti linalong'aa, na jioni ya sherehe akanishika mkono akanipeleka mwenyewe mpaka hema la wazee.

Hema hilo liko kando ya geti la kanisa. Unakalishwa kwenye kiti cha plastiki, unafunikwa blanketi, unapewa chai, unawaangalia wenzako wakiondoka na taa zao. Halafu gari linakupitisha barabara ya nyuma ukawangoje uwanjani kama mzigo uliotangulia. Sijaona mtu aliyeingia hema hilo mwaka mmoja akarudi kutembea mwaka wa pili.

"Uko sawa hapo?" Byron akaniuliza.

"Nenda kazini, baba. Mimi nimeshafika."

Mpango wangu ulikuwa kujipenyeza katikati ya umati. Lakini Perez, rafiki yangu wa siku nyingi aliyekaa kiti cha pili, akaniambia Byron amewaonya wasimamizi wote: wakiniona barabarani, wanirudishe. Amewatumia hata picha yangu kwenye simu.

"Picha gani?" nikauliza.

"Ile ya harusi ya Bridgit wangu. Umependeza."

Nilikuwa bado naitafakari hiyo habari niliposikia sauti ya Mama Wahome nyuma ya hema, akigomba kwenye simu. Gerishon, mbebaji wake mmoja, alikuwa amekwama Timboroa na lori la viazi. Nikainuka, nikazunguka hema polepole. Ng'ombe alikuwa amewekwa juu ya madebe, anang'aa tumbo zima, mzuri kupita haki, na chini yake jozi nne za gambuti nyeusi zilizopakwa rangi zifanane na kwato. Jozi mbili zilikuwa na watu, ya mbele ilimngoja Mama Wahome, na ya nyuma haikuwa na mtu.

"Mama Wahome," nikamwambia, "ng'ombe wako anachechemea."

"Mama Byron, leo sina nafasi ya wewe."

"Unayo. Iko nyuma, kushoto."

Akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu. "Miaka yote hii umeomba ng'ombe wangu aanguke. Sasa nikuingize mpaka tumboni?"

"Akianguka nitaanguka naye. Umeona mtu akitega mtego akiwa amesimama ndani?"

"Na goti?"

"Goti ni langu. Wewe shughulika na ng'ombe."

Nikamwambia habari ya Syokimau, ile orofa ya tano, na neno la Byron. Hakusema pole. Alichukua gambuti za Gerishon akazitupa miguuni pangu. "Vaa soksi mbili mbili," akasema. "Ana miguu kama mitumbwi. Na ukinichekea huko ndani nitakuacha kwa kilima."

Nikarudi hemani mara moja. Nilivua koti langu na ile kofia ya sufu, nikaviweka kwenye kiti, nikavijaza mto na kuvifunika blanketi. Ukiangalia kwa mbali ulikuwa unaniona mimi nimesinzia.

"Nivizungumzishe?" Perez akauliza.

"Mara moja moja. Mtu akija, sema nimechoka."

"Hiyo wataamini," akasema, akanywa chai yake na yangu.

Ndani ya ng'ombe kuna harufu ya gundi na joto la watu. Huoni mbele. Unaona barabara tu: lami, gunzi la hindi, visigino vya aliye mbele yako. Nimepita njia ile zaidi ya mara ishirini nikitazama taa, na ndiyo mara ya kwanza niliyoiona barabara yenyewe. Mama Wahome, mguu wa mbele, alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, kushoto, kulia, kushoto, nasi tunafuata. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele kila ng'ombe akipita, nami nikaanza kutingisha nyuma kidogo ili wapate cha kuangalia.

"Nani huyo anacheza?" Mama Wahome akauliza.

"Ng'ombe amefurahi," nikasema.

Tulipofika njia panda tukasimamishwa ili boda boda zipite. Mbele ya macho yangu vikaja viatu vya kahawia ninavyovijua, maana nilivinunua mimi. Byron. Alisimama karibu kiasi cha kunusa. Mara simu yangu ikalia kifuani kwangu, wimbo wa kwaya, verse yote.

Tumbo zima la ng'ombe likaacha kupumua. Mama Wahome akadaka ule wimbo pale pale, akauimba kwa nguvu, na waliokuwa nje wakampokea kama vile ndiye aliyeuanzisha. Nikapokea simu kwa kunong'ona.

"Mama, mbona huko kuna kelele hivyo?"

"Wazee wa hema wamechangamka."

"Nakusikia kama uko hapa karibu."

"Siku hizi mtandao ni mzuri sana."

Akakata simu. Boda boda zikaisha. Kisha akampiga ng'ombe kofi kiunoni, kofi ambalo lilinipata mimi sawasawa, akasema, "Songa, mama." Nikasonga.

Kilima cha posho mill ndicho kilichotaka kuniua. Goti lilianza kuwaka katikati, na gambuti za Gerishon zilikuwa zinakwenda safari yake na mimi yangu. Nilishika fito kwa mikono miwili. Ng'ombe akaanza kuinama upande wangu.

"Tupumzike kidogo," Mama Wahome akasema bila kugeuka.

"Tukisimama sitaanza tena."

"Basi tusisimame." Akaacha kuhesabu haraka, akahesabu kama mtu anayepima unga, na wengine watatu tukaenda kwa mwendo huo. Sikumwomba. Nyuma yetu samaki wa watu wangu alikuwa anatuhimiza tuache njia. Nikasikia jirani yangu mmoja akisema, "Huyo ng'ombe ni mzee, achinjwe." Nikajizuia nisijibu, na nadhani hasira ile ndiyo iliyonipandisha robo ya mwisho. Ghafla fito zikawa nyepesi mkononi. Tulikuwa juu, tunateremka.

Uwanjani kuna desturi: umbo likifika, wabebaji wanatoka mmoja mmoja, kila mtu anataja jina lake na anakotoka, watu wampigie makofi. Murunga, mwalimu wa kwaya, alikuwa ameshika kipaza sauti. Akatoka Mama Wahome. Wakatoka wale wengine wawili.

"Na mguu wa nyuma wa kushoto?" Murunga akauliza. "Gerishon, toka."

Nikatoka nyuma kwa matako, maana hakuna njia nyingine. Nikanyooka. Taa zote za uwanja zilikuwa zinanitazama, na pembeni, kwenye gari la wazee, koti langu na kofia yangu vilikuwa vimekaa vizuri dirishani kando ya Perez, vimefungwa mkanda.

"Leonida Aluoch," nikasema kwenye kipaza sauti. "Natoka Pioneer, nyumba yangu mwenyewe. Nimetembea kutoka kanisani. Wenye mashaka waulize ng'ombe."

Sijui walipiga makofi muda gani. Najua mpaka wasimamizi wa barabara, wenye picha yangu mfukoni, walipiga. Kutoka kwa watu wa samaki yule jirani yangu akasema, "Mama Byron, umetuuza kwa ng'ombe," na akacheka mpaka akaketi chini. Tuzo ikaenda kwa ng'ombe. Mama Wahome aliipokea kwa mkono mmoja, na ule mwingine alikuwa amenishika mimi kiwiko, kwa nguvu, nisichechemee mbele ya watu.

Byron akaja. Aliangalia gambuti, akaangalia gari la wazee, akaniangalia mimi.

"Umetembea yote?"

"Alitembea," Mama Wahome akajibu, "na kwa kilima ndiye aliyekataa kusimama. Mimi nilitaka tupumzike."

Akavua koti lake linalong'aa akanivalisha, maana langu lilikuwa bado ndani ya gari na Perez. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, polepole.

"Basi kaa kwako, Mama," akasema mwishowe. "Agosti nitakuja kukusalimia tu."

"Karibu. Njoo na sukari."

Kisha nikamtuma alete gari mpaka langoni. Akashangaa, akauliza si nimethibitisha kwamba naweza kutembea. Nikamwambia nilichothibitisha ni kilomita moja na nusu, ya kuja. Hakuna mtu aliyenisikia nikitaja tatu.